Mtoto wa Mama Kijana Naye Apimwe

Tangu Novemba 2021, Wizara ya Elimu Tanzania ilipotoa waraka unaowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, miradi ya kuwasaidia mama vijana huulizwa kwanza swali moja: wangapi wamerudi darasani? Ni swali la haki kabisa, ila linamsahau mtoto. Kichanga aliyeachwa kwa bibi yake alfajiri, akanywa uji mwepesi mchana na kunyonya tena jioni, haonekani katika rejista ya mwalimu.

Yaliyotokea England yanafundisha. Manesi waliwatembelea nyumbani mama wa miaka 19 kushuka chini, tangu ujauzito hadi mtoto atimize miaka 2. Ili kuupima mpango huo, mama 1,645 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa nesi, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Matokeo ya kwanza yalivunja moyo. Uvutaji sigara wa wajawazito, uzito wa mtoto anapozaliwa, mimba ya pili ndani ya miaka 2, watoto kukimbizwa hospitali: kote huko mpango haukuonyesha faida. Baadaye watafiti waliwafuata watoto hao hadi shuleni, wakakuta waliotembelewa na manesi wako mbele kidogo kimakuzi walipoanza masomo, ingawa katika kuwakinga na ukatili tofauti haikuonekana. Aliyehukumu mapema alikosa nusu ya habari. Tena huduma za kawaida za England ni nzuri, hivyo nesi wa ziada hakuwa na pengo kubwa la kuziba. Matokeo ya huko hayawezi kuagizwa na kutumiwa Sumbawanga yalivyo; inabidi tupime wenyewe, nasi kwa kura.

Wapo watakaosema kura ni ukatili, kwani inamnyima mwenye shida. Lakini nafasi hazijawahi kuwatosha wote, na pasipo kura anayetangulia mara nyingi ni anayejuana na mtendaji. Wengine watalalamikia gharama za kumfuatilia mtoto miaka 6. England walitumia kumbukumbu zilizokuwapo tayari. Kwetu kadi ya kliniki ina mstari wa uzito na tarehe za chanjo, na shule huandikisha wanaoanza elimu ya awali. Mfadhili anayedai ripoti kila robo mwaka adai pia, kwa idhini ya mama, kumbukumbu hizo mbili ziunganishwe, na gharama zake aziweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.