Bampa la Nyuma na Tela: Nani Hasa Anavuta?

Je, wajua kwamba bampa la nyuma linaweza kuwa la chuma cha milimita sita, likapakwa rangi nyeusi likapendeza, na bado lisifae kuvuta hata tela la madumu ya asali? Kinachovuta tela ni chasisi. Bampa hupitisha nguvu tu: likifungwa vizuri nguvu inafika kwenye chasisi, likifungwa ovyo nguvu inaishia kwenye bolti mbili, na bolti mbili hazina ubavu huo.

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Land Cruiser, zile ambazo watu wamezibatiza mkonga kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo, ndizo zinazoingia porini upande wa Sikonge na mto Ugalla kufuata mizinga, mbao na tumbaku. Gari likijaa, mwenyewe anataka tela. Na mara nyingi, kabla ya tela, ameshamlipa fundi amchomelee bampa jipya lenye mkono wa kubebea tairi la akiba, nafasi ya madumu mawili ya dizeli, na katikati kile kichwa cha mviringo ambacho mdomo wa tela hukikalia.

Mji huu uliishi kwa mizigo muda mrefu bila gurudumu. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, bidhaa zote za njia ya misafara, pembe za ndovu, nguo na shanga, zilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo thelathini na ushei. Waliowaza kukokota walikuwapo. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu kupita na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaridhika kwamba njia inafaa. Wenzake wakaja mwaka uliofuata na magari ya kukokotwa. Ng'ombe wakafa, magari yakaachwa, mizigo ikarudi kwa wapagazi. Mbung'o hakuwa na habari na mipango ya London. Gurudumu liliishinda njia hii kwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo iliyoipitisha hapa meli ya Graf von Götzen, MV Liemba ya leo, ikiwa vipande vipande ndani ya makasha.

Mpagazi wa zamani alijua jambo ambalo dereva wa tela husahau: mzigo haupimwi kwa uzito wake tu, hupimwa pia kwa mahali unapolemea. Mwenye mzegazega akikosea kuugawa, mti humponyoka begani. Tela nalo ni hivyo. Lipakiwe namna ambayo asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inakalia kichwa cha kuvutia. Ikipungua, mkia wa tela unalemea na tela huanza kuyumba kulia na kushoto mwendo unapoongezeka. Ikizidi sana, gari linakaa matakoni na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya hatari.

Hapo ndipo bampa jipya linapoingia. Tuseme tela linakandamiza kichwa kwa kilo 150, nacho kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ikiwa umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3, magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 60 na ekseli ya nyuma inapokea 210, si 150. Bampa la kuchomelea husukuma kichwa nyuma zaidi ili kipite tairi la akiba, kwa hiyo mkono wa wenzo unarefuka, na ule myumbo wa tela nao unapata nguvu zaidi. Ongeza uzito wa bampa lenyewe, tairi na dizeli, vyote nyuma ya ekseli. Springi zimeshachoka kabla hata tela halijafungwa.

Kuna nguvu nyingine inayosahaulika zaidi. Tela la tani moja kwenye lami huhitaji mvuto wa kama kilo 15 tu kuendelea kwenda. Kwenye mchanga mzito mvuto huo hupita kilo 200, na kwenye mbuga za udongo mweusi wakati wa masika hakuna wa kukuhakikishia kikomo. Sasa kichwa cha kuvutia kwa kawaida kiko chini ya mhimili wa chasisi. Kikiwa sentimita 20 chini, kila mvuto unalipindua bampa: sehemu ya chini inataka kuja nyuma, ya juu inataka kwenda mbele. Bampa lililofungwa kwa bolti za mstari mmoja linapindukia bolti hizo. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi huweka mabamba marefu yanayoshika kuta za pembeni za chasisi, yenye bolti mbele na nyuma, kisha huunganisha kichwa na mabamba hayo moja kwa moja ili bati la bampa lisibebe kitu.

Matundu nayo yana mahali pake. Mhimili wa chasisi unapopinda, sehemu zinazoumia zaidi ni uso wa juu na wa chini, kwa hiyo kutoboa huko ni kuanzisha ufa. Hali kadhalika kuchomelea: moto hubadilisha chuma kando ya mshono, na barabara ya makorongo hukikunja mara maelfu mpaka kifunguke. Mshono unaweza kung'aa na bado ukawa mbovu. Mimi siamini mshono nisioweza kuuona kwa nyuma.

Kuhusu uzito, nchini Australia, ambako magari haya hutumika sana porini, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500, lakini hiyo ni tela lenye breki zake. Lisilo na breki, kikomo ni kilo 750. Matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana breki, na tela la lita elfu moja za maji limeshapita kikomo hicho kabla hujapima chuma chake. Na kikomo cha gari hakikuongezi haki juu ya bampa: kilicho dhaifu kuliko vyote, kiwe kichwa, bolti au mdomo wa tela, ndicho kinachoamua.

Kwa hiyo ukienda kuchukua bampa lako, lala chini ya gari pamoja na fundi. Mwambie akuonyeshe kwa kidole njia ya nguvu kutoka kichwani hadi kwenye chasisi. Akiishia kwenye bati la bampa, usimlipe bado. Funga minyororo miwili ya usalama kwenye chasisi, ipishane chini ya shingo ya tela. Na gari likikwama topeni, usifunge kamba ya kukwamulia kwenye kichwa cha kuvutia: kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu.