Kitovu cha mtoto mchanga: kwa nini kisitiwe kitu

Mtoto amefikisha siku ya tatu, kitovu hakijaanguka, na mama mkwe anauliza: "Hamujatia kitu?" Hapo ndipo majivu, mafuta ya mawese ao mavi ya ng'ombe vinatokea. Hana nia mbaya, ndivyo alivyolea wake.

Lakini kitovu hakijakawia. Kwa watoto wengi kinaanguka chenyewe kati ya siku 5 na 15, kikisha kuwa cheusi na kigumu. Kukivuta ni kumtoa mtoto damu bure.

Hatari kubwa ni tetanosi. Kijidudu chake kinaishi katika udongo na mavi ya wanyama, na kidonda cha kitovu ni mlango wazi kwake. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anashindwa kunyonya, mwili unakazana, na wengi hawaponi. Ndiyo sababu wamama wenye mimba wanachomwa sindano ya tetanosi kwenye CPN.

Kazi ya nyumbani ni ndogo: kunawa mikono na sabuni, kuacha kitovu kipate hewa, kufunga kitambaa cha mtoto chini yake ili mkojo usikiloweshe. Kikichafuka, kinaoshwa na maji safi na sabuni, halafu kinakaushwa. Muuguzi akitoa klorheksidini, ni ya kitovu tu. Ikiingia machoni inaweza kumpofusha mtoto.

Ngozi ya kando ikiwa nyekundu, ao kukiwa usaha, harufu mbaya, damu isiyokatika, homa ao mtoto kukataa ziwa, apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata usiku.