Kumbukumbu na Ushirikiano katika Nadharia ya Michezo ya Mageuko: Mfano wa Bashingantahe wa Burundi

Makala haya yanajadili namna kumbukumbu inavyoathiri ushirikiano katika nadharia ya michezo ya mageuko, yaani taaluma inayochunguza ni mikakati ipi huenea miongoni mwa wanaokutana mara kwa mara. Wakikutana mara moja tu, msaliti hufaidika. Wakikutana tena na kukumbukana, hesabu hubadilika.

Mwaka 1980 Robert Axelrod alishindanisha programu za kompyuta. Iliyoshinda, ya Anatol Rapoport, ilikumbuka tendo moja tu la mwenzake: lile la mwisho. Ilianza kwa kushirikiana, kisha ikaiga. Kuiita “jino kwa jino” ni kuipotosha, kwani wema wake wa kwanza hupotea. “Nipe nikupe” nayo hutanguliza kupokea. Ningependekeza “nikupe unipe”.

Udhaifu wake ni kwamba kosa moja, hata la bahati mbaya, huzaa kisasi kisichokoma. Mwaka 1993 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kuwa mkakati unaokumbuka matendo ya pande zote mbili huweza kulirekebisha kosa hilo. Mwaka 1998 walikwenda mbali zaidi: ushirikiano husimama hata kati ya wasiokutana tena, mradi sifa ya kila mmoja ijulikane kwa wengine.

Burundi iliujua utaratibu wa namna hii zamani. Kuanzia Musinzira mjini Gitega hadi vilima vya Muyinga, bashingantahe hawakuwa waamuzi tu. Walishuhudia mauzo ya mashamba, ndoa na mirathi. Kumbukumbu haikuachwa vichwani mwa wagomvi, bali iliwekwa kwa watu wa tatu walioapishwa hadharani.

Lakini vielelezo vingi vya nadharia hii huchukulia kwamba kumbukumbu haifi. Mauaji na ukimbizi wa 1972 na 1993 vilivunja sharti hilo. Baadhi ya waliorejea kutoka Tanzania walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine, pengine walioyanunua au kugawiwa na serikali, na mashahidi wamekwisha kufa. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ikapokea kumbukumbu mbili juu ya shamba moja, kila moja ya kweli kwa mwenyewe. Kwa kilima cha namna hiyo, kurefusha kumbukumbu ya wachezaji wawili hakusaidii kitu. Kielelezo kinamhitaji mchezaji wa tatu, shahidi, pamoja na uwezekano wa shahidi huyo kufa kabla ya kuulizwa.