Mita Nne, Jumla Moja: Tusihesabu Umeme Mara Mbili



Katika taarifa ya robo iliyopita tuliandika kwamba kituo chetu kimoja cha afya kilitumia uniti 2,470 za umeme kwa mwezi mmoja. Takwimu hiyo haikuwa sahihi. Matumizi halisi yalikuwa uniti 1,640. Aliyesoma mita hakukosea, na kompyuta haikukosea. Tulikosea sisi wa ofisi ya miradi, tulioiagiza programu ijumlishe kila mita iliyounganishwa nayo. Kwa kuwa kamati ya kituo ilikwisha kuanza mazungumzo na wafadhili juu ya kuongeza paneli za sola kwa kutegemea takwimu hiyo, tunawiwa maelezo.

Kituo kina mita nne. Mita ya LUKU hupima umeme unaotoka gridi, na ya pili hupima unaotoka kwenye sola. Njia hizo mbili hukutana kwenye swichi kuu. Kutoka hapo umeme huenda wodini kupitia mita ya tatu na nyumba za watumishi kupitia ya nne. Maabara, ofisi na pampu ya maji hazina mita. Mwezi ule LUKU ilipima uniti 1,240, sola 400, wodi 520 na nyumba 310.

Ukijumlisha zote nne unapata 2,470. Lakini zile 830 za wodi na nyumba zilikwisha kuhesabiwa zilipoingia. Ni kama mhazini ahesabu sadaka kapuni, kisha aigawe katika bahasha na kuihesabu tena. Jumla halali ni ya mita za kuingilia tu: 1,240 na 400. Mita za ndani kazi yake ni kuonyesha umeme ulikwenda wapi. Toa 830 katika 1,640, zinabaki 810, karibu nusu ya matumizi yote, zilizokwenda mahali pasipo na mita. Binafsi ningeikagua kwanza ile pampu kabla ya kununua paneli hata moja.

Penye betri kuna mtego mwingine. Inveta nyingi huchaji betri kwa umeme wa gridi pia. Mita ikifungwa upande wa kutokea wa inveta, umeme wa LUKU utahesabiwa tena kama sola. Mita ya sola ifungwe upande wa paneli.

Angalieni pia mita iliyonyamaza. Waya ukichomoka, programu nyingine huandika sifuri, grafu inashuka, nasi tunashangilia kubana matumizi. Siku isiyo na taarifa iachwe wazi. Na risiti za LUKU zinaonyesha uniti zilizonunuliwa, si zilizotumika. Namba inayoshuka kwenye mita ni salio. Tunachohitaji ni jumla ya matumizi ya mwisho wa mwezi, kutoa ya mwezi uliotangulia.

Kila kamati yenye mita zaidi ya moja ichore kwa mkono, kwenye karatasi moja, mita ipi inalisha ipi, na kuileta ofisi ya miradi kabla ya robo hii kwisha. Fundi aliyefunga nyaya awepo wakati wa kuchora. Takwimu za kituo hiki za miezi iliyotangulia tunazirekebisha, na wafadhili watapelekewa taarifa mpya.