Kijana wa Wimbe aliyekosa ada

Matokeo ya darasa la nane yalipobandikwa, William Kamkwamba hakuliona jina lake kwenye shule alizozitamani. Alikuwa mtoto wa mkulima katika kijiji cha Masitala, wilayani Kasungu, Malawi, na alama zake zilimfikisha Kachokolo tu, sekondari ya jirani isiyokuwa na sifa. Hata huko hakukaa. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilikuwa imekwishabisha hodi. Mahindi yaliisha ghalani, familia ikapunguza milo hadi mmoja kwa siku, na ada ya takriban dola 80 za Marekani kwa mwaka haikuwa na pa kutoka. Kwa muda alijipenyeza darasani bila kulipa, akabainika, akarudishwa nyumbani. Alikuwa na miaka 14.

Habari yake imesimuliwa sana tangu hapo, katika kitabu cha mwaka 2009 na filamu ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor. Wengi wanaoisimulia hukimbilia kwenye mnara wa kinu cha upepo alichokijenga na taa iliyowaka. Maktaba alikoanzia ndipo panapostahili kukaliwa zaidi.

Shule ya Msingi Wimbe ilikuwa na chumba chenye vitabu vya msaada, na mkutubi wake, Edith Sikelo, aliwaazima hata watoto ambao hawakuwa tena na sare. Kamkwamba alianza kwenda pale kwa nia moja tu: asiachwe nyuma na wenzake, ili siku ada ikipatikana arudi darasani akiwa sawa nao. Hakuwa na wazo la kugundua kipaji chochote. Katika kupekua akakumbana na kitabu cha kiada cha Marekani kuhusu nishati, na kwenye jalada lake palikuwa na picha ya vinu vya upepo vimejipanga. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Aliitazama michoro kwanza, kisha akamuuliza mkutubi au kamusi maana ya maneno yaliyoizunguka. Akaelewa kwamba upepo unaozungusha panga unaweza kuzalisha umeme, na umeme unaweza kuvuta maji kutoka ardhini. Kwa mtu ambaye kwao walikuwa wametoka kushinda njaa kwa sababu mvua ilikosea majira, maji yalikuwa na uzito zaidi kuliko taa.

Vifaa alivitafuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu uliokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na Kachokolo, shule ileile iliyomrudisha. Wanafunzi walimwona akichakura na kumcheka. Alipata feni ya injini ya trekta, akapata shokapu ya kutumia kama mhimili, akachukua baiskeli mbovu ya baba yake. Mapanga aliyatengeneza kwa bomba la plastiki: alilipasua kwa urefu, akalipasha moto hadi likalegea, akalinyoosha likiwa bado laini. Hakuwa na drili, hivyo alichomeka msumari kwenye gunzi la mahindi, akauweka motoni mpaka ukawa mwekundu, akatoboa nao tundu moja baada ya jingine. Washa zikakosekana, akaokota vizibo vya chupa za bia na kuvigonga vikawa bapa.

Kitu kimoja hakikuokoteka: dainamo. Rafiki yake Gilbert ndiye aliyeitoa, baada ya kumwona mtu ana baiskeli yenye dainamo na kumlipa kwacha 200 pale pale. Haifai kuipita sehemu hii haraka. Kijana anayesifiwa leo kwa kujitegemea alisimama juu ya fedha ya rafiki, subira ya mkutubi na baba aliyekubali baiskeli yake ikatwe.

Mnara wa kwanza ulikuwa wa miti ya mikaratusi, urefu wa mita 5. Watu walikusanyika kutazama kile walichodhani ni wazimu, na balbu ikawaka. Baadaye aliurefusha hadi mita 12, akavuta waya ndani ya nyumba, akatengeneza swichi kwa raba ya kandambili.

Miaka mingine ilipita kabla ya nchi kusikia. Mwaka 2006 gazeti la Daily Times la Malawi liliandika habari zake, na Juni 2007 akaalikwa Arusha kwenye mkutano wa TED. Alikuwa na miaka 19, ndege ndiyo kwanza aipande, na huko Arusha alionyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Alipotafuta habari za vinu vya upepo, majibu yalimiminika. Baada ya hapo wafadhili walimrudisha shuleni. Alisoma African Leadership Academy ya Johannesburg, na mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Kwa walioacha shule kama yeye, Tanzania nayo imeanza kulegeza kufuli. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea kwenye shule za kawaida. Mtu mzima anaweza kurudi kwenye masomo kupitia mtihani wa maarifa, QT, na fani za ufundi zipo kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Njia zote hizo humtaka kijana ajue kwanza anakwenda wapi. Kamkwamba hakujua, alijua baada ya kufungua kitabu, na alikifungua kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa mtu asiye mwanafunzi.

Shule za kata zenye rafu ya vitabu zinaweza kuanzia hapo: mchana mmoja au miwili kwa wiki, mwalimu mmoja zamuni, na daftari la kuazima lisilouliza namba ya usajili wa mwanafunzi.