Piano ya Marekani na Shule ya Karakana

Historia ya piano ya Marekani husimuliwa kana kwamba ilizaliwa na hataza. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipewa hataza ya fremu ya chuma cha kusubu ya kipande kimoja. Mwaka 1840 Jonas Chickering akapata ya kwake. Kweli, chuma kiliiokoa ala hiyo, maana mbao zilipinda kwa mvuto wa nyuzi na kupasuka katika nyumba zilizokaushwa na moto wakati wa baridi. Lakini hataza haitaji walimu. Babcock alijifunzia kazi kwa Benjamin Crehore, huko Milton. Chickering, mwana wa mhunzi wa New Hampshire, alikuwa kwanza mwanagenzi wa seremala wa samani. Ndipo mwaka 1819 akaingia karakana ya John Osborn, mkono wake ukiwa umekwisha kuzoea mbao. Na hataza ya 1840 ilipotolewa, Babcock mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwa Chickering. Ujuzi wa chuma ulihama na mtu, ukapita mlango wa karakana pamoja naye.

Wapo watakaosema uanagenzi ulikufa pale Chickering alipogawa kazi, huyu akaunda makasha, yule akafunga nyuzi. Hoja hiyo ina uzito: aliyeunda makasha maisha yake yote hakuijua piano nzima, na hiyo ni hasara kubwa kwa fundi. Hata hivyo, mgawanyo haukuondoa haja ya kufundishwa. Ngozi au sufu ya nyundo ikiwa ngumu mno, sauti hukwaruza, ikilegea, hufifia, na anayeamua ni sikio lililofunzwa kando ya sikio jingine. Heinrich Steinweg alikuwa ameshaunda piano Ujerumani, lakini alipofika New York mwaka 1850, yeye na wanawe walifanya kazi kwanza katika karakana za wengine, na kampuni yao, Steinway & Sons, wakaifungua mwaka 1853.

Tukiwasifu mafundi hao, tuutazame pia weupe wa vibonyezo, uliotoka kwenye pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizokatwa Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, ilipitia Unguja, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara, na wengine waliozibeba walikuwa watumwa. Kule Connecticut vipande vilianikwa chini ya vioo kwa wiki kadhaa, jua living'arishe, kisha mafundi wakavipanga kwa macho, mshipa ulandane na mshipa.