Duka Liuze Hata Rezo Ikikata

Hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, kila kinachokwama kwenye kaunta ya malipo tunakitupia rezo, yaani mtandao. Skana haisomi, ni rezo. Risiti haitoki, ni rezo. Mteja amelipa kwa simu na pesa hazionekani, ni rezo tena. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za malipo katika maduka ya Ibanda na Kadutu: alimantasyo (maduka ya vyakula) kubwa na ndogo, maduka ya dawa, na wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Na ninachokiona ni kwamba mara nyingi mtandao wa nje ni mzima kabisa. Kilichokufa kiko ndani ya duka, hatua chache kutoka kwa mama anayenipigia simu.

Kwa hiyo mama huyo simwulizi kwanza kama intaneti ipo. Namwuliza: "Mama, kaunta zote zimekwama au moja tu?" Akisema, "Ni hii ya mlangoni peke yake, fundi," nimeshajua kwamba shida ni kebo yake, kichwa cha kebo kilicholegea, au kompyuta yenyewe. Zikiwa zimekwama zote na hakuna inayoona bei, natazama swichi na seva ya dukani. Kama bei zinaonekana na risiti zinatoka, ila malipo ya simu tu ndiyo yanagoma, hapo ndipo ninapoanza kushuku watu wa nje. Maswali hayo hayahitaji fundi. Mwenye kaunta yeyote anaweza kujiuliza mwenyewe kabla hajampigia mtu.

Duka moja upande wa Nyawera lilisimama asubuhi nzima huku mwenyewe akigombana kwa simu na kampuni ya intaneti. Kumbe aliyefagia usiku alikuta kebo imeanguka, akaichomeka kwenye tundu la swichi lililokuwa wazi. Alifanya kwa moyo mwema, ila upande wa pili wa kebo ile ulikuwa tayari kwenye swichi ileile. Kebo ikianzia na kuishia kwenye swichi moja, ujumbe wa mashine unakwenda kama uvumi wa soko la Kadutu: kila anayeusikia anaurudia, unamrudia aliyeuanzisha, naye anaurudia tena, mpaka hakuna neno jingine linaloweza kupita. Taa zote za swichi zinameta kwa haraka, kwa pamoja, bila kupumzika. Ukiziona hivyo, chomoa kebo moja moja hadi zitulie. Swichi za bei ya juu kidogo zinaujua mzunguko huo na kuufunga zenyewe, na kwa duka lenye kaunta zaidi ya mbili nashauri kununua ya namna hiyo.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni umeme. Tunaishi kando ya mto Ruzizi, wenye bwawa la Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II tangu 1989, hili la pili tukigawana umeme wake na Rwanda na Burundi. Hata hivyo mji umejaa watu hadi kwenye mabonde na miteremko, na delestaji, yaani mgao wa umeme, imekuwa sehemu ya siku. Wengi wanadhani madhara yanakuja umeme unapokatika. Mimi naogopa zaidi unaporudi. Unarudi ukipanda na kushuka, na vifaa vyote vinaamka kwa pamoja. Kompyuta ya kaunta inawaka upesi na kuitafuta seva. Seva, ambayo huwa ndiyo mashine nzee kuliko zote dukani, bado inajinyoosha. Kaunta inakosa jibu, inaandika kosa, na kubaki hivyo hata seva ikishaamka. Ndiyo sababu kuzima na kuwasha mara nyingi "kunaponya". Basi bandika karatasi ukutani yenye mpangilio: kwanza ruta na swichi, kisha seva, ngoja imalize, mwisho kaunta.

Afadhali zaidi ni ruta na swichi zisizimike kabisa. Vifaa hivi vinakula umeme kidogo sana. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye ving'ora, inabeba wati-saa 84. Ruta ndogo inayokula wati 10 ingekaa saa nane kwa hesabu ya karatasi. Mimi nahesabu nusu tu, kwa sababu betri ya risasi ikikamuliwa hadi tone la mwisho haidumu. Saa nne zinatosha kuvuka delestaji nyingi, au kusubiri mtu aende kutafuta mafuta ya jenereta.

Kuna betri nyingine ambayo karibu hakuna anayeikumbuka, ile ndogo ya mviringo ndani ya kompyuta, inayotunza saa na tarehe. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka fulani wa zamani. Kompyuta hukagua tarehe za cheti cha seva ya malipo kabla ya kukubali mazungumzo ya siri, na mashine iliyopotea miaka inakikataa. Dukani watasema rezo imekataa. Tazama tarehe pembeni ya kioo kwanza.

Halafu radi. Utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi, na milima ya mashariki mwa Congo ikafuata mahali pa pili. Kwetu mvua zinanyesha Septemba hadi Mei, kwa hiyo antena iliyo juu ya bati, na waya wa shaba unaoshuka hadi kwenye ruta, ni njia iliyo wazi. Radi haihitaji kuipiga antena yenyewe. Ikianguka karibu tu, waya unaokota nguvu ya kutosha kuua swichi na kaunta zote zilizoshikamana nayo. Weka kizuizi cha radi kilichofungwa ardhini kweli, si kilichoning'inizwa. Na mwenye majengo mawili ayaunganishe kwa kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme. Ni gharama, lakini nimeona seva, ruta na printa vikiungua kwa ngurumo moja.

Kuhusu laini ya pili: wafanyabiashara wengi wananunua simkadi za kampuni mbili na kulala usingizi. Uliza kwanza kama minara yao iko kwenye kilima kimoja na inalishwa na waya mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kukwama. Waliokuwa na kampuni mbili zinazopita njia hiyohiyo hawakupona. Na sisi tulio mpakani tuna letu: ruta ya simkadi iliyo karibu na Ruzizi hudaka mnara wa Rwanda, inaonyesha nguvu kamili, na data haipiti au salio linayeyuka. Ninafunga ruta ishike kampuni moja tu, na ninazima huduma ya kutumia mitandao ya nje.

Hayo yote yanapunguza kukatika, hayakumalizi. Julai 2021 maduka yapata 800 ya Coop huko Sweden yalifunga milango kwa sababu wahalifu waliingia kwenye programu iliyotumiwa kuhudumia mashine za malipo kutoka mbali. Machi 2024 migahawa ya McDonald's katika nchi kadhaa ilishindwa kupokea oda baada ya mtoa huduma mmoja kubadilisha mipangilio. Hao wana fedha na mafundi wengi. Hivyo swali ninalompa mwenye duka kabla hajanunua programu ni hili: nikichomoa waya wa intaneti sasa hivi, mashine hii itauza? Programu nyingine zinaweka bei zote mbali, ughaibuni, na waya ukikatika hata sabuni haiuziki. Nataka bei na stoo zikae dukani, mauzo yaandikwe hapohapo, kisha yatumwe rezo ikirudi. Kila kaunta iwe na herufi yake mwanzoni mwa namba ya risiti, A na B, ili siku ya kuunganisha mahesabu risiti mbili zisigongane. Na kwa kuwa tunauza kwa dola na faranga, bei ya dola ya siku iingizwe asubuhi na mwenye duka mwenyewe, isisubiri intaneti.

Malipo ya simu ndiyo yanayoniumiza roho. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, benki zilifunga, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zikawa mfuko wa familia nzima. Mtu anayelipia unga kwa simu huenda hana noti yoyote nyumbani. Rezo ikikatika katikati ya malipo, pesa inaweza kuwa imetoka kwake na bado haijafika dukani, na mtu wa kaunta akimwambia "Rudia, Mama," anaweza kumtoza mara mbili. Asirudie. Atazame salio la simu ya duka, si ujumbe kwenye simu ya mteja, maana ujumbe unaghushiwa. Kama salio halijabadilika, aandike kwenye daftari namba ya simu ya mteja, kiasi, saa, na namba ya muamala kama imetokea, kisha mteja apewe nakala yenye saini. Jioni mwenye duka apitie daftari hilo mstari kwa mstari na taarifa ya kampuni ya simu, na pesa iliyoingia mara mbili irudishwe usiku uleule, kabla mteja hajaanza safari ya kuja kuidai.